Samli ya Mkono wa Kuume

Kijiji cha Kashojwa,
Kambi ya Nakivale,
Isingiro, Uganda.
Jumapili, 14 Oktoba 2012.

Mpendwa wifi yangu Ikirezi,

Amani ya Bwana iwe nawe huko mlimani Minembwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Kabera na watoto wote. Kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ulikohoa kuliko ulivyosema, nikajua baridi ya huko haijakuonea huruma. Na yule ndama mwenye baka jeupe, aliyevunjika mguu, alipona? Watoto wananiuliza habari zake kana kwamba nakutana naye kila siku kisimani.

Sisi hapa tunashukuru. Mvua zimeanza, mahindi yameshika rangi, na maharage yako karibu kutoa maua. Mihigo yuko sekondari, amerefuka hadi anainamia mlango. Natanaeli ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Mama yenu ana goti lake lilelile, lakini sauti haijazeeka hata kidogo. Kuku wa jirani wanamjua.

Kaka yako Musoni yu hai na anatembea. Nimeona nikwambie hilo kwanza, usije ukasoma mengine ukiwa na hofu.

Sasa wifi, tuongee sisi wawili. Semahoro alifika salama na kile kidumu cha samli uliyomkabidhi. Safari yote ile, Uvira, Bujumbura hadi huku, na hakumwaga hata tone. Lakini alileta pia maneno uliyomtuma, akayasema nje ya kanisa watu wakiwa bado wanasalimiana: "Ikirezi anasema, kama mwanamuke amechoka kumulisha kaka yake, amurudishe ku mulima, kwabo batamulisha." Nilicheka mbele ya watu, nikaenda kulia jikoni. Moshi una faida yake.

Sikukasirika kwa muda mrefu. Najua habari ulizipata kwa mama, na ningekuwa mimi niko huko, nikaambiwa kaka yangu analishwa maharage makavu kama mfungwa, ningetuma maneno makali zaidi. Kwa hiyo nakujibu waziwazi: ni kweli. Tangu mwezi wa pili sitii samli katika chakula cha kaka yako, wala cha mtu yeyote katika nyumba hii. Nisikilize sababu.

Tulikuambia aliugua, hatukukuambia jinsi alivyougua. Mwenyewe alikataza, akasema una mizigo yako. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimechoka kuficha. Alikuwa mnadani Ngarama, ameshika kamba ya mbuzi anayetaka kumuuza. Mkono wa kuume ukaachia kamba bila yeye kujua. Mbuzi akaenda zake, watu wakamwita, yeye akageuka kuwajibu na mdomo ukaenda upande. Walimpeleka Mbarara nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya ndizi.

Tulikaa wiki tatu katika hospitali ya misheni pale Ruharo. Daktari alisema ni kiharusi, kwamba presha ilikuwa juu sana na mishipa ya damu imeganda mafuta. Daktari mwenyewe ni Mnyankore, Swahili yake ni ile ya Uganda, lakini siku ya kutoka aliniweka chini akanieleza mpaka nikaelewa. Alisema: "Mama, hii dawa bila chakula iko bure. Jikoni yako ndiyo hospitali yake sasa. Hapana mafuta ya ng'ombe, hapana kukaanga, chumvi kidogo kabisa. Ikirudi mara ya pili, mimi hapana ahidi wewe kitu."

Nilitoka pale nimebeba maneno hayo yote mgongoni. Wewe unajua nilivyoolewa. Siku ya kwanza kupika kwenu, mama alisimama nyuma yangu akasema mke anayejua kupenda anaonekana kwa samli. Miaka kumi na saba nimepika hivyo. Maharage yangu yalikuwa yanaogelea, ukichota unaona uso wako. Ningeanzaje sasa kumwekea mume wangu chakula kilichokauka, ambacho kwetu hata mgeni usiyempenda humpi?

Kisha likaja jambo la sahani. Kaka yako anakula na wanawe katika sahani moja, kama baba yenu alivyokula na yeye. Ningempikia chakula chake peke yake, angekula peke yake pembeni, na watoto wangejua baba yao amekuwa mtu wa kutengwa. Nikaamua nyumba nzima ile kama yeye. Nilimuuliza muuguzi kuhusu Natanaeli kwa kuwa bado mdogo, akasema maziwa yake anywe kama yalivyo, mengine hayatamdhuru.

Wiki za kwanza zilikuwa mateso, sitakudanganya. Nilichemsha tu, nikaondoa samli bila kuweka kitu mahali pake, na chakula kikawa na ladha ya sufuria. Mihigo aliniuliza kwa adabu kama tunafunga kwa ajili ya maombi fulani. Kaka yako alitafuna tu akiangalia mlango.

Aliyeniokoa ni Marthe, jirani yetu, mama mkimbizi kutoka Fizi anayelima mboga karibu na ziwa. Alionja maharage yangu akafunga macho kama mtu aliyepewa kwinini. Kisha akaniambia kama wifi yake: "Muramu, weye ulizoea kupikiwa na ngombe. Sasa pika weye mwenyewe." Niliumia kidogo, kisha nikacheka, maana ni kweli. Samli ilikuwa inanifichia uvivu wangu wote.

Basi nikuandikie ninavyopika, ujaribu. Maharage nayaloweka usiku kucha, namwaga yale maji, nachemsha kwa moto mdogo pamoja na vitunguu vizima. Yakiiva naponda kijiko kikubwa cha maharage yenyewe na kurudisha sufuriani, mchuzi unakuwa mzito kana kwamba umetia kitu. Ndipo naweka nyanya, karoti, majani ya sereli na kitunguu saumu, na mwisho ndimu. Ndimu inakufanya usahau kutafuta chumvi. Mafuta ya mgao wa kambini naweka kijiko kimoja cha mezani kwa sufuria nzima, siku nyingine sifuri.

Mboga za lengalenga sikaangi tena. Naziosha, natia sufuriani na maji yake yanayodondoka, nafunika, na kabla hujamaliza kumsalimu mgeni zimeiva. Ndizi nazifunga katika majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke, kama wenyeji wa hapa wanavyofanya. Maziwa nachemsha, naacha yapoe, naondoa utandu wote wa juu. Nyama mara moja kwa wiki, na mafuta yake nakata nampa mbwa. Mbwa wetu sasa ndiye mnono kuliko wote.

Na samaki. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Daktari alisema samaki ni wazuri kuliko nyama, na ziwa liko hapa, wavuvi wanapita mlangoni na samaki wabichi aina ya ngege. Marthe alinifundisha kumfunga katika jani la mgomba na nyanya na pilipili, bila mafuta, juu ya makaa. Najua unavyokunja uso ukisoma. Mtoto wa wafugaji, mjukuu wa watu walioongozana na ng'ombe tangu zamani, anakula kitu cha majini chenye mifupa kama sindano. Siku ya kwanza mama alinusa harufu, akachukua fimbo na Biblia yake, akaenda kukaa kanisani mpaka jioni. Wazee wa kanisa wakaja kuuliza nani amefariki.

Wiki ileile akapanda kilima kutafuta mtandao, akakupigia simu. Simlaumu. Alimwona mwanawe amepungua, suruali imefungwa kwa kamba, na kwake kupungua ni njaa tu, hakuna jina jingine. Alikuwa anaona mtoto wake anakufa mikononi mwangu. Mimi nilikuwa namwona anapona. Tulikuwa tunamwangalia mtu mmoja.

Na kweli alikuwa anapona. Mwezi wa tano daktari alipima akatabasamu. Mwezi wa sita pia. Mwezi wa nane tukaenda tena, na yule daktari akapima mara mbili, akatoa damu, akaniangalia. Presha imepanda, na mafuta katika damu ni mengi kuliko hata siku ile aliyoanguka. Aliniuliza napika nini. Nikamhesabia kila kitu, hadi kijiko. Hakusema kwamba ninadanganya, lakini aliandika kwenye karatasi bila kunitazama.

Wifi, siku hizo nilijichunguza kama mwizi. Nilificha chumvi yote. Nilimshuku muuza duka, nikamshuku hata Marthe na ndimu zake. Kaka yako alianza kuumwa kichwa tena na kushika ukuta akisimama. Nilikuwa naomba Mungu anionyeshe nilipokosea, maana nilijua mara ya pili daktari hakuniahidi kitu.

Mungu alinionyesha kwa njia ya sharubu. Asubuhi moja kaka yako alirudi kutoka kumsalimu mama nyumbani kwake, pale uani, nikamkaribia kumfunga vifungo vya shati kwa sababu ya ule mkono. Nikanusa samli. Ilikuwa kwenye sharubu zake, ile yenyewe, ya moshi wa majani ya kwenu, ambayo duka lolote la Mbarara halina.

Nilimuuliza taratibu. Akakaa kitandani, akasema, "Kila asubuhi mama ananipatia kikombe cha maziwa, na mafuta ya ngombe ndani. Tangu Semahoro alipomuletea kile kidumu. Ningekataa namna gani? Ni maziwa ya mama."

Na wewe unajua kwamba hakuwa na namna. Kwetu mtu anaweza kukataa shamba, akakataa mchumba, lakini mtoto hakatai kikombe cha maziwa mkononi mwa mama yake. Ni kama kumwambia hakukuzaa. Kwa hiyo kaka yako alikunywa kila asubuhi, anajua kinachomuua na anameza, kisha anakuja kula maharage yangu ya ndimu. Alikuwa anatuheshimu wote wawili, nusu nusu.

Ningefanya nini? Mkamwana hamkemei mama mkwe. Jina lake tu silitamki. Siku ya kurudi hospitali ilipofika nilimwomba mama atusindikize, nikasema naogopa kusahau maneno ya daktari. Alivaa kitenge chake cha Pasaka.

Daktari alimweleza vizuri, kwa heshima, kama anavyozungumza na mama yake mwenyewe. Akamchorea mshipa kwenye karatasi na mafuta yalivyouziba. Mama aliangalia mchoro ule muda mrefu. Kisha akamuuliza kitu ambacho mimi sikukitarajia. Akasema baba yenu aliamka mzima asubuhi, akaenda zizini, akashika kichwa, mdomo ukaenda upande, akaanguka katikati ya ng'ombe, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Je, ni ugonjwa huuhuu?

Daktari alisema yeye hakumwona, hawezi kuapa. "Lakini inaweza, maama. Hii ugonjwa inapenda kupita mu familia."

Tukaanza safari ya kurudi, mama akiwa upande wa dirisha. Tulipita Kakiika, tukapita Kabingo, yeye anaangalia nje. Tulipoanza kuliona ziwa ndipo akasema, si kwangu wala kwa kaka yako, alisema tu mbele yake: "Asubuhi ile nilimupatia maziwa. Na mafuta nikatia mingi, juu ya vile alisema anasikia bulegevu."

Ikirezi, nilishika mkono wake. Miaka kumi na saba sijawahi kumshika mkono bila kuombwa. Nilimwambia kikombe kimoja hakiui mtu, kwamba ugonjwa ule ulianza siku nyingi kabla, na kwamba alimpa baba kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Sijui kama alinisikia. Hakuutoa mkono.

Siku mbili alikaa ndani. Kidumu chako alikiweka mbele yake na hakukigusa. Siku ya tatu asubuhi nikamsikia anamwita kaka yako kama kawaida, na yeye akaenda kama kawaida. Nilijiambia basi, nimefanya yote, limebaki la Mungu. Lakini miguu haikukubali, nikaenda.

Nilimkuta mama ameketi mkekani, mkono wa kuume wa mwanawe uko mapajani mwake, shati limepandishwa hadi begani. Alikuwa anachota samli kwa vidole viwili na kumpaka, kutoka begani hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi kila kidole, anakunjua kimoja kimoja kama wale wa hospitali walivyotuonyesha. Kaka yako, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amefumba macho. Mama aliniona mlangoni akasema, "Nilimupakala hii mafuta akiwa mutoto muchanga, mwili yote. Sasa itabakia inje. Mu tumbo haiingie tena."

Ndivyo ilivyo hadi leo. Kila asubuhi anampa pia kikombe chake cha maziwa, kwa sababu kikombe hakiwezi kukoma, lakini utandu anauondoa mwenyewe, na anauondoa mara mbili. Amekuwa mkali kunizidi. Juzi kwenye harusi alimnyang'anya kaka yako sambusa mbele ya mchungaji. Wanawake wa kanisa wanaokaanga viazi anawahubiria habari ya mishipa mpaka wanamkwepa. Samaki bado hali. Mchuzi wake anachovya ugali, anasema mchuzi si samaki.

Wiki iliyopita tulienda kupima. Presha imeshuka. Daktari safari hii alinitazama usoni, akanipa mkono.

Kwa hiyo wifi yangu, nilipoanza barua hii wiki mbili zilizopita, nilikuwa nakuandikia usitume samli tena, na nilikuwa natafuta maneno ya kukwambia bila kukuumiza. Ile nimeichana. Tuma. Tuma kama ulivyokuwa unatuma, ya ng'ombe wa baba, yenye moshi wa huko. Ila ujue inakokwenda.

Na jambo moja nakuomba kwa magoti. Damu ni ile ile. Ukishuka sokoni pita zahanati, wakupime presha, hata kama huumwi popote. Kaka yako hakuwa anaumwa popote. Punguza chumvi, punguza samli kwenye sufuria, wapikie watoto maharage ya ndimu, wakinuna waambie ni mke wa mjomba wao wa Uganda amewatesa. Ukipata majibu, mpe Semahoro aniletee, mazuri au mabaya. Sitalala vizuri mpaka nijue.

Yale maneno uliyotuma usiyahesabu tena. Ulimtetea kaka yako, na mimi nilikuwa namtetea yeye yule yule. Siku ukija Nakivale nitakupikia mimi mwenyewe, na ukitaka samli nitakupaka mkononi.

Nisalimie shemeji Kabera, mwambie mbuzi aliyekimbia Ngarama hakupatikana, asije akanitania. Nisalimie watoto wote kwa majina yao, na shangazi Nyiramana wa mtoni kama bado anasikia. Mama anakubariki, anasema Mungu alinde zizi na walio ndani ya nyumba. Marthe anakusalimu ingawa hakujui. Mungu wa baba zetu akufunike, na barabara ya kuonana ifunguke tukiwa wote hai.

Ni mimi, wifi yako nisiyechoka kukupenda, wala kumlisha kaka yako,
Nyirakamana.

Nilipokuwa nafunga bahasha, kaka yako ameingia akaomba kalamu. Hilo jina lililopinda hapo chini ni lake. Ameliandika kwa mkono wa kuume, herufi moja moja, ni mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, na mama alisimama mlangoni bila kupumua mpaka akamaliza. Lile doa la mafuta lililo kando yake usidhani nimeandikia barua jikoni. Mkono ulikuwa umetoka kupakwa. Ni samli yako wewe, imerudi nyumbani.

M u s o n i